Betri Hufa Lodwar, Huzikwa Kitale

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama huko Kanamkemer, Lodwar. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya ndugu wa Kakuma, Lokichar na kwingineko ambao hawakuweza kuhudhuria.



Najua wako wanaojiuliza mtu wa reli anatafuta nini hapa, maana reli haikufika Turkana. Ilifika Kitale mwaka 1926, ikakoma pale. Unga, saruji, dawa na mafuta ya kuja huku vimezoea kupanda lori, na anayevifikisha ni dereva na taniboi wake.

Lakini betri ni betri. Injini ya dizeli ya reli nayo huwashwa kwa betri ya risasi na asidi, kama lori. Tofauti ni ukubwa tu. Lori lina betri mbili za volti 12, jumla volti 24. Injini nyingi za reli zina seli 32 za volti mbili mbili, jumla volti 64. Kazi yangu karakanani ni kuzipima, kuziosha na kuzitia maji. Na njia yetu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret hupita Timboroa, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,700, ambako alfajiri nyingine baridi hukaribia sifuri. Kwa hiyo habari ya betri na baridi tunaijua.

Katibu aliponiita aliniambia hivi: jambo hili si la ufundi peke yake, ni la mshahara. Dereva hutoka Lodwar, gari linawaka vizuri kila siku kwa mguso mmoja wa ufunguo. Anapanda Marich, anapita Kapenguria, analala Kitale. Asubuhi anageuza ufunguo, gari linaguna mara moja na kunyamaza. Mzigo unachelewa. Tajiri anapiga simu, anasema, "Jana lilikuwa linawaka! Wewe ulilala ukisikiliza redio." Betri mpya inanunuliwa, na mwisho wa mwezi bei yake inaonekana kwenye makato ya dereva.

Ndugu zangu, mimi nimekuja kusema neno moja, na mkilishika mtakuwa mmefaidika. Neno lenyewe ni hili: betri ile haikufa Kitale. Ilikufa Lodwar, kidogo kidogo, kwa joto. Baridi ya Kitale imetangaza msiba tu. Tena kabla ya kufa ilionyesha dalili, na anayezijua dalili anaweza kuziandika na kujitetea.

KWA NINI JOTO HUUA BETRI

Ndani ya kila betri ya gari mna mabamba ya risasi yaliyosimama ndani ya maji yenye asidi. Kitu hiki kilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hadi leo asili yake ni ile ile. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba ndicho tunachokiita seli, chenye volti mbili na kitu. Asidi inapokutana na risasi ndipo moto hupatikana. Tukichaji, kazi ile hurudi nyuma, na betri hujaa tena.

Sasa, joto huharakisha kila kitu ndani ya betri, chema na kibaya. Ndiyo maana hapa Lodwar gari huwaka kwa urahisi hata kama betri ni dhaifu. Dereva hudhani ana betri nzuri, kumbe joto linamficha. Lakini joto hilo hilo hula mabamba ya risasi kama kutu inavyokula bati. Hukausha maji. Hufanya betri iliyolala bila kazi ipungue moto wake upesi. Watu wa betri wana kanuni yao: joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, maisha ya betri hupungua karibu nusu. Hapa kwetu mchana wa nyuzi 35 au zaidi ni jambo la kawaida, na chini ya boneti, kando ya injini, joto huzidi hapo. Fanyeni hesabu wenyewe. Betri ambayo ingedumu miaka minne Kitale, hapa ikimaliza miwili imejitahidi.

Kuna jambo la pili linaloua, nalo ni betri kukaa bila kujaa. Wengi wetu tunalala ndani ya lori. Usiku tunachaji simu, tunasikiliza redio, tunawasha taa ya kabini, na injini imezimwa. Betri ikipungua, chumvi nyeupe huota juu ya mabamba ya risasi. Ikichajiwa upesi chumvi ile huyeyuka. Ikiachwa siku nyingi hugeuka ngumu kama jiwe, nayo haitoki tena. Kila inapotokea hivyo nguvu ya betri hupungua, wala hairudi.

Jambo la tatu ni mtikiso. Betri isiyofungwa barabara huchezacheza kila gurudumu likiingia shimoni. Mabamba huachia unga wake, unga huanguka chini ya seli, na siku moja seli moja hukatika. Barabara yetu imetengenezwa sehemu nyingi miaka ya karibuni, lakini anayeenda vituo vya ndani bado anakutana na mawe na laga.

KWA NINI BARIDI HUTANGAZA

Sasa tupande juu. Lodwar ni kama mita 500 juu ya bahari. Kitale ni kama mita 1,900, na Kapenguria ni juu zaidi. Kwa safari ya siku moja dereva ametoka kwenye joto la tanuri na kulala mahali ambapo alfajiri huwa nyuzi 11 au 12. Gari ni lile lile na betri ni ile ile, lakini mambo mawili yamebadilika.

La kwanza, asidi ikipoa hufanya kazi polepole. Betri nzima yenye nguvu kamili kwenye nyuzi 27, ikifika sifuri hubakiwa na kama theluthi mbili tu. Kwa baridi ya Kitale tuseme imepoteza moja katika tano. La pili, oili ya injini ikipoa huwa nzito, kwa hiyo stata hudai nguvu zaidi. Yaani mfuko umepungua na deni limeongezeka, vyote saa moja. Betri nzima ina akiba, italipa. Betri iliyokwisha kuliwa na joto haina akiba, itashindwa.

Zamani dereva aliyeshindwa na betri alichukua hendeli akazungusha injini kwa mkono. Mwaka 1912 magari ya Cadillac ya Marekani yalianza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering, na polepole hendeli ikasahauliwa. Leo lori la dizeli halina hendeli. Betri ikikataa, kazi imesimama.

Na mjue kwamba kusimama si Kitale tu. Anayerudi huku na betri dhaifu, akazima injini kati ya Marich na Kainuk ili abadilishe tairi, huenda isiwake tena. Nyote mnaijua sehemu ile, wala hakuna apendaye giza limkute pale. Kwa hiyo jambo hili ni la mshahara, na pia ni la roho ya mtu.

DALILI ZA BETRI DHAIFU

Nazitaja moja moja, nanyi mziandike.

Ya kwanza ni sauti ya stata asubuhi. Gari likiwaka la kwanza alfajiri, sikiliza. Stata yenye betri nzuri huzunguka haraka. Yenye betri dhaifu huvuta pumzi: huu... huu... huu, halafu injini inashika. Saa nne mchana ukiwasha tena husikii uchovu ule. Usidanganyike kwamba imepona. Sauti ya alfajiri ndiyo shahidi wa kweli.

Ya pili ni taa. Washa taa kubwa, taniboi asimame mbele, kisha geuza ufunguo. Taa kupungua kidogo si kitu. Zikififia hadi kuwa nyekundu kama kaa la moto, betri haina nguvu. Honi nayo hulia kinyonge.

Ya tatu ni mlio wa ta-ta-ta-ta. Hapo betri ina moto wa kuvuta swichi ya stata, lakini haina wa kuzungusha injini. Swichi inashika na kuachia, inashika na kuachia.

Ya nne ni betri kutokulala na moto wake. Jioni ilikuwa imejaa, asubuhi imepungua, na hakuna taa iliyoachwa. Ama betri inajila yenyewe ndani, ama kuna waya unaovuja. Ondoa waya wa hasi jioni, upime asubuhi. Ikiwa bado imepungua, ugonjwa umo ndani ya betri.

Ya tano ni maji. Seli moja ikimaliza maji kuliko wenzake, seli hiyo ni mgonjwa. Zote sita zikimaliza maji haraka, huenda olteneta inachaji kupita kiasi.

Ya sita ni sura na harufu. Betri iliyovimba ubavuni imepikwa. Harufu ya yai bovu ni ya betri inayochemka. Ukiikuta, zima injini, kaa mbali, iache ipoe. Unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri huzuia moto kupita, na unaweza kuifanya betri nzuri ionekane mbovu.

Ya saba ni umri. Betri nyingi zina alama ya mwezi na mwaka. Isipokuwapo, andika wewe kwa rangi siku inapofungwa. Betri iliyopita miaka miwili katika joto letu si ya kupandisha mlima bila kupimwa.

JINSI YA KUPIMA

Dalili ni za masikio na macho, lakini mbele ya tajiri ni afadhali kuwa na hesabu. Vyombo ni viwili na havina gharama kubwa. Kimoja ni mita ya volti. Kingine ni haidromita, kile kibomba cha kioo chenye kuelea ndani, cha kupimia uzito wa asidi.

Mita hutumika hivi. Gari lilale usiku mzima. Alfajiri, kabla ya kuwasha, washa taa kubwa dakika moja, zima, ngoja dakika chache, kisha pima kila betri peke yake. Usipime zote mbili pamoja ukaridhika na volti 24, maana nzuri huficha mbaya. Soma hivi:

Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
Volti 12.4: ina robo tatu.
Volti 12.2: ina nusu.
Volti 12.0: ina robo.
Volti 11.9 au chini yake: imekwisha.

Halafu mwenzako ageuze ufunguo huku wewe unatazama mita. Stata ikizunguka, betri ya volti 12 isishuke chini ya 9.6. Ikiwa ilisoma 12.6 na sasa imeanguka mpaka 8 au 7, hiyo ni kama mtu mnene asiyeweza kubeba ndoo. Usimpandishe mlima.

Mwisho, injini ikiwa inanguruma, pima tena. Volti zikiwa kati ya 13.8 na 14.5 kwa betri moja, olteneta inafanya kazi. Zikibaki 12 na kitu, usiilaumu betri. Tazama mkanda wa feni, waya na olteneta yenyewe. Wengi hununua betri tatu kwa mwaka kumbe ni mkanda uliolegea.

Haidromita hutumika kwa betri zenye vifuniko vya kutilia maji. Betri iliyojaa husoma kama 1.265, ile ya nusu husoma 1.190, na iliyokwisha husoma 1.120. Betri nyingine za nchi za joto hutiwa asidi nyepesi kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo uliza wakati wa kununua. Tena hesabu hizi ni za nyuzi 27. Asidi ikiwa moto huwa nyepesi, basi kwa kila nyuzi tano na nusu zinazozidi ongeza 0.004. Ukisoma 1.240 asidi ikiwa na nyuzi 38, ukweli wake ni 1.248.

Lakini kilicho kikubwa kuliko yote ni kulinganisha seli na seli. Seli tano zikisoma 1.250 na moja 1.190, tofauti imepita 0.050. Betri hiyo haina maisha. Andika tarehe, namba ya gari na masomo yote sita. Karatasi hiyo moja inaweza kukuokolea mshahara.

Asiye na chombo chochote atumie ukuta. Simamisha gari usiku mbele ya ukuta, washa taa kubwa, tazama duara la mwanga. Geuza ufunguo. Duara likipotea, umepata jibu.

JINSI YA KUITUNZA

Maji yafunike mabamba. Yakiwa chini, tia maji safi ya betri yanayouzwa dukani. Usitie maji ya Turkwel wala ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi ni sumu kwa betri. Wala usiongeze asidi. Kilichokauka ni maji, asidi imebaki ndani. Katika joto hili tazama maji kila wiki mbili.

Vichwa vya betri vioshe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo. Utaona povu, ni magadi yakiua asidi. Usiache maji ya magadi yaingie ndani ya seli. Kausha, kaza waya, kisha paka grisi. Ukifungua anza na hasi, ukifunga maliza na hasi, ili spana isiguse bodi na kupiga cheche.

Funga betri isicheze. Usiku tumia moto kwa kiasi. Ukijua unalala Kitale au juu zaidi, tafuta mahali penye mteremko ulekeze gari chini, ikiwa gari lako si la otomatiki. Na ikiwa injini ina plagi za kupasha moto, ngoja taa yake izime ndipo ugeuze ufunguo. Ukikosa, usishike stata zaidi ya sekunde 10. Achia, ngoja dakika moja, ujaribu tena. Kung'ang'ana huimaliza betri na kuchoma stata.

Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Msivute sigara karibu nayo wala kuwasha kiberiti mtazame maji. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wanaoshika vitu vyenye madhara glovu na miwani. Fundi anayetia asidi kwa macho matupu huku tajiri akitazama, tajiri huyo anavunja sheria.

Betri iliyokufa irudishwe dukani au kwa wanunuzi wenye leseni. Isivunjwe nyumbani ili kupata risasi. Mnakumbuka habari za Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa kando ya nyumba za watu, na wakazi wakaingiwa na sumu ya risasi. Aliyepiga kelele ni mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho, dada Phyllis Omido, baada ya mtoto wake mchanga kukutwa na risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mfanyakazi mmoja alithubutu kusema, na wengi wakasikilizwa.

NANI ALIPE?

Sasa nafika penye moyo wa jambo. Betri ya lori ni kitu kinacholika, kama tairi na kama oili. Ikifa kwa joto na umri, hiyo ni gharama ya biashara, wala si kosa la dereva.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Shikeni neno hilo: makusudi. Betri ya miaka miwili iliyokataa kuzunguka Kitale alfajiri si makusudi ya mtu yeyote. Tena makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Na mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa kosa, kifungu cha 41 kinamtaka amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua, na asikilizwe kwanza.

Lakini sheria bila ushahidi ni jembe bila mpini. Tajiri akisema ulisahau taa, nawe huna ila mdomo wako, utashindwa. Kwa hiyo naleta mashauri manne mbele ya mkutano huu:

1. Kila gari linalopanda kutoka Lodwar kwenda Kitale lipimwe betri alfajiri ya kuondoka, na masomo yaandikwe katika daftari la gari.

2. Dereva akiona dalili moja kati ya hizi, aandike taarifa, nakala moja kwa ofisi na moja abaki nayo, yenye tarehe na sahihi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mjumbe.

3. Tawi linunue mita moja na haidromita moja, zikae hapa Kanamkemer, na wanachama wafundishwe kuzitumia.

4. Anayekatwa mshahara kwa sababu ya betri amletee Katibu karatasi ya malipo mapema, wala asingoje mwaka upite.

Ndugu zangu, huku Turkana chama si kitu kigeni. Makhan Singh, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa umoja wa vyama vya wafanyakazi mwaka 1949, aliletwa Lokitaung kizuizini mwaka 1950 kwa ajili ya kazi hiyo. Yeye alipoteza uhuru wake miaka mingi. Sisi tunaombwa kuandika mistari miwili katika daftari kila alfajiri ya safari. Si mzigo mkubwa.



MASWALI YALIYOULIZWA

Dereva wa Kakuma: Lori letu lina betri mbili, moja imekufa. Tajiri ananunua moja tu. Je, inafaa?
Jibu: Haifai. Kuukuu itaivuta mpya chini, na mpya itachajiwa vibaya. Zibadilishwe zote mbili, za aina moja na umri mmoja. Kununua moja ni kununua tatu.

Taniboi: Tukiazima moto kwa gari jingine, waya zifungwe vipi?
Jibu: Kwanza hakikisha volti ni sawa, gari la 24 lisiwashe la 12. Chanya ya nzuri na chanya ya mbovu. Kisha hasi ya nzuri, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu cheche ya mwisho ndiyo hulipua. Betri iliyovimba au kupasuka isiazimiwe moto kabisa.

Dada mmoja dereva wa gari la wagonjwa: Gari letu hukaa siku nyingi bila kwenda. Tuliwashe kila asubuhi dakika tano?
Jibu: Dakika tano hazirudishi moto uliotumika kuliwasha. Liendeshwe nusu saa au zaidi, au litiwe chaja. Na gari la wagonjwa lipimwe kila wiki, maana likikataa usiku anayelipa ni mama mjamzito.

Mzee mmoja: Huko Ulaya kwenye barafu betri huishije?
Jibu: Iliyojaa huvumilia, haigandi ila kwa baridi kali kupita kiasi. Iliyokwisha huganda kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, ikapasuka. Lakini tukumbuke, mzee wangu, kwamba baridi haizili betri kama joto letu. Wao huamshwa na baridi kila mwaka wakazipima. Sisi joto hutubembeleza mpaka siku ya safari.

Mkutano uliyakubali mashauri yote manne kwa kuinua mikono. Katibu ataleta habari ya bei ya vyombo katika mkutano ujao. Wanachama waje na daftari zao.

UMOJA NI NGUVU.